Msalaba Uliopinda

Risasi ya kwanza ilipiga ndoo. Ya pili ikapiga ukuta, vumbi la tofali likaruka. Panya aliendelea kula chakula cha kuku kana kwamba hatupo.

"Darubini hii imekufa," Mzee akasema, akailaza bunduki mezani.

Mzee ni baba mkwe wangu. Anaishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kwenye nyumba yenye banda kubwa la matofali na kuku ishirini na kitu. Kwao mkwe huitwa kwa jina lake la kwanza, na siku tuliyojuana aliniambia nimwite hivyo. Ulimi wangu uligoma. Mtu aliyemzaa mke wangu nimwite kama mwenzangu wa kijiweni? Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, akaipenda. Siku hizi hata kadi za Krismasi anatia sahihi hivyo.

Bunduki yenyewe ni ya upepo. Ukiukunja mtutu unabana springi. Ukivuta kifyatulio, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inakitoa kipande cha risasi chenye upana wa milimita 4.5. Huko England mtu mzima haihitajii leseni mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12. Ni chombo cha panya, si cha vita. Lakini panya naye ana haki ya kufa mara moja, na Mzee alikuwa akilisema hilo kila mara: kama huna hakika, usivute.

Nilimwomba anipe darubini niiangalie. Mimi ni mtoto wa fundi saa. Baba yangu alikuwa na meza yake barazani Tanga kwa miaka zaidi ya thelathini, kioo kimefungwa kwenye jicho la kulia, na sisi watoto tulijifunza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kitu chenye lenzi na hesi hakinitishi.

Nilichokiona hakikuwa kifo. Darubini ile ilitengenezwa kwa bunduki kubwa za baruti, ambazo mlengwa wake huwa mbali. Kiwandani waliifunga iwe sawa kwa yadi 100. Sisi tulikuwa tunapiga kwa yadi 15, kutoka mlangoni hadi kwenye debe la chakula. Kwa umbali huo picha ilikuwa na ukungu, na kosa lenyewe lilikuwa paralaksi.

Paralaksi umekwisha kuiona, hata kama hukujua jina lake. Umekaa kiti cha abiria kwenye daladala, unachungulia mshale wa mwendo. Wewe unasoma namba moja, dereva anasoma nyingine. Hakuna anayedanganya. Mshale uko mbele kidogo ya namba, na kila mmoja anautazama kutoka upande wake. Ndani ya darubini ni vilevile. Lenzi ya mbele inachora picha ya mlengwa, na zile nyuzi mbili zilizopitana kama msalaba zimekaa mahali pake. Picha ikiangukia palepale penye nyuzi, basi zimekuwa kitu kimoja; sogeza kichwa utakavyo, msalaba hautoki alipo panya. Ikiangukia mbele au nyuma yake, kila jicho linaposogea, msalaba nao unatembea juu ya mlengwa. Bunduki haijasogea. Panya hajasogea. Ni wewe.

Tuliibana bunduki tupu, isiyo na risasi, kati ya mifuko miwili ya mchanga, tukabandika karatasi yenye nukta nyeusi kwenye yadi 15. Kwanza nilizungusha kioo cha nyuma huku nikitazama mbingu nyeupe, hadi nyuzi zikakolea. Kisha nikatazama nukta bila kuigusa bunduki, nikakipeleka kichwa kushoto, kulia, juu, chini. Msalaba ulikuwa unacheza juu ya nukta kama kishada.

"Kuna dawa," nikamwambia. "Ila ina gharama."

Gharama ni kwamba darubini nzuri hutolewa hewa ya kawaida na kujazwa naitrojeni kavu ili isiingie ukungu. Ukiifungua mbele, ile gesi inaweza kutoka, na haitarudi kwa kupuliza. Mzee akacheka. "Fungua. Mimi mwenyewe nimeshatoa gesi yote."

Nilifungua pete ya mbele kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nyuma yake lenzi imekaa kwenye hesi zake. Ili ione karibu, lazima isogezwe nje. Nikaizungusha robo mzunguko, nikarudi nyuma, nikatazama, nikatikisa kichwa. Robo nyingine. Tena. Kazi hii huwezi kuiharakisha. Ndiyo kazi ya baba yangu hasa, kugusa kidogo na kusubiri. Kwenye mara ya sita au ya saba nukta ilikolea ghafla, na nilipokisogeza kichwa msalaba ulitulia. Nikafunga pete. Kwa kuwa lenzi imeguswa, ilibidi kulenga upya kwa kupiga karatasi: nikarekebisha mara mbili kwa vifundo vya juu na pembeni, risasi tano zikaingia kwenye tundu ambalo ungeliziba kwa shilingi.

Nikampisha Mzee. Risasi tano, matundu matano, kila moja kwao.

"Bado," akasema. "Bado imepinda."

"Nini kimepinda?"

"Huu uzi. Hapa katikati una kibiongo."

Nikainama kutazama. Nyuzi zilikuwa zimenyooka kama rula. Nikafuta kioo, nikatazama tena, nikamwambia ajaribu kwa jicho la kushoto. Akalalamika kwamba hajazoea, akajikunja, akatazama.

"Sasa umeufanyaje?" akauliza. "Umenyooka."

Sikujibu. Mikono yangu ilikuwa imepoa.

Baba yangu naye macho yalimpotea mbele yetu, na tulicheka. Alianza kugonga vikombe vya chai vilivyowekwa pembeni yake. Alijipiga bega kwenye miimo ya milango. Mama akamtania kwamba anazeeka vibaya, sisi tukaongeza chumvi. Nani angefikiri ni macho, wakati mtu huyohuyo alikuwa anaweza kuokota gurudumu la saa ya kike kwa koleo? Hatukujua kwamba presha ya macho huanza kula pembeni na kuacha katikati hadi mwisho. Nilikuwa nimeshahamia Uingereza alipopelekwa hospitali. Daktari alisema kilichokufa kwenye neva ya jicho hakifufuki. Kwenye simu Baba aliniambia, "Usijali mwanangu, saa zimepungua siku hizi, watu wanatazama simu." Nikacheka na hapo pia.

Sasa nilikuwa nimesimama bandani, mbele ya mzee mwingine, na nilijua kinachosemwa juu ya mstari ulionyooka unaoonekana umepinda. Nilijua pia kwamba mkwe hasemi hovyo mbele ya mkwe. Anayemwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake inavuja, awe na ngazi.

Nikachukua karatasi, nikachora miraba kwa rula, kama daftari la hesabu, na nukta katikati. "Mzee, ziba jicho la kushoto. Tazama nukta tu. Mistari ikoje?"

Alitazama muda mrefu. Kisha akaiweka karatasi chini kwa hasira. "Ulikuja kutengeneza darubini, siyo mimi."

"Nimeitengeneza," nikasema. "Haina kosa. Ndiyo maana nasema."

Akatoka kwenda kwa kuku wake. Nilibaki nikikusanya vifaa, nikiwaza jinsi nitakavyomweleza mke wangu kwamba nimemtukana baba yake. Baada ya robo saa akarudi na ufunguo wa gari mkononi, akanitupia mimi.

"Endesha wewe," akasema.

Duka la miwani mjini lilimpima siku hiyohiyo na kumwandikia barua ya haraka ya hospitali. Katikati ya retina ya jicho la kulia mishipa dhaifu ilikuwa imeota na kuvuja. Sindano tatu za kwanza alichomwa moja kila mwezi, ndani ya jicho lenyewe. Muuguzi alimwuliza aligunduaje mapema, maana wengi huchelewa: jicho zima hufunika aibu ya mwenzake, na mtu anasoma gazeti na kuendesha gari bila kujua. Akajibu kwamba alikuwa anamlenga panya. Bunduki hukulazimisha kutumia jicho moja.

Jicho halijarudi kama zamani, na hatukuahidiwa hivyo. Kibiongo kimepungua, hakijaondoka. Bunduki haigusi tena; panya sasa ni kazi ya mitego na paka mmoja mvivu. Na darubini, kama nilivyoogopa, ilianza kuingia ukungu Novemba baridi iliposhika. Nilimwambia nitamtafutia nyingine.

"Iache," akasema. Ameiweka dirishani jikoni. Asubuhi nikiwa kwake humkuta ameishika, amefumba jicho la kushoto, anatazama nguzo ya uzio upande wa pili wa shamba. Anatikisa kichwa kushoto, kulia, juu, chini, kama nilivyomfundisha. Kisha ananipa bila kusema kitu, nami natazama, namwambia ninachokiona.