Kamera Nne Sebuleni na Ahadi Niliyompa Mama

Wazazi wenzangu, leo nawasimulia jinsi nilivyopoteza pesa za bati, ili mwingine asipoteze zake.

Mwaka jana Mama alikuja kutoka Zanzibar kututembelea hapa Leicester. Binti yangu anasoma uhuishaji chuo kikuu. Jioni moja Bibi yake alikuwa akimwonyesha lelemama walivyoicheza ujanani: mwili umetulia, mikono ndiyo inayosema. Mtoto akachukua simu arekodi. Mama akashusha mikono papo hapo.

"Mjukuu wangu, ngoma hii ni ya wanawake kwa wanawake. Sitaki sura yangu izunguke kwenye simu za watu."

Binti yangu hakubishana. Siku ya pili akamweleza Bibi yake kuhusu kunasa mwendo. Kamera kadhaa humtazama mtu kutoka pande mbalimbali, kompyuta hutafuta viungo vyake, kisha hupiga hesabu kila kiungo kiko wapi chumbani. Kinachobaki ni vitone vinavyotembea, havina sura wala nguo.

"Na hizo picha zenyewe?" Mama akauliza.

"Tutazifuta, Bibi. Hazitoki humu ndani."

Mama akanigeukia mimi. "Nawe mwanangu, unaniahidi?"

Nikaahidi.

Ahadi hiyo ndiyo iliyoamua tununue nini. Zipo huduma ambazo unarekodi kwa simu, unapandisha video kwenye intaneti, na kompyuta za kampuni zinakufanyia hesabu. Kwetu mlango huo ulishafungwa. Kazi yote ilibidi ifanyike sebuleni, kwa mashine yetu wenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikuuliza kazi inataka nini. Niliuliza mashine ipi ina nguvu. Muuzaji akanionyesha kompyuta mpakato ya michezo, yenye kadi kubwa ya picha, pauni 1,150. "Hii inaweza kila kitu," akaniambia. Nilikuwa na akiba ya kubadilisha bati za nyumba ya Mama, zinazovuja kila masika. Nikajiambia nitairudisha kidogo kidogo. Nikalipa.

Kamera tulinunua nne za kawaida, zile za mikutano ya video. Nne kwa sababu kiungo hakijulikani kilipo mpaka kionekane na kamera mbili angalau kwa wakati mmoja, na mchezaji akigeuka, mkono mmoja hufichwa na mwili. Tukaweka moja kila pembe. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu ikagoma. Tukabadilisha kebo, tukanunua kigawanyio cha USB chenye matundu saba, wapi! Wiki mbili nzima nililaumu kamera, kisha programu, na siku moja, Mungu anisamehe, nikamlaumu mtoto.

Yeye ndiye aliyepata jibu, kwa kalamu na karatasi. Picha ndogo ya nukta 640 kwa 480, kila nukta baiti 2, picha 30 kwa sekunde: hiyo ni karibu megabiti 147 kila sekunde. Kamera zetu ni za USB 2.0, ambayo njia yake hubeba megabiti 480 kwa maandishi, na kwa vitendo hupungua. Kamera nne zinataka karibu 590. Ukipanda hadi nukta 1280 kwa 720, kamera moja peke yake inataka zaidi ya 440.

"Lakini matundu si yapo?" nikauliza.

"Mama, matundu ni mengi, bomba ni moja."

Akanionyesha kwenye orodha ya vifaa ndani ya kompyuta: matundu yote yalikuwa chini ya kidhibiti kimoja. Kigawanyio hakiongezi maji, kinaongeza ndoo tu kwenye foleni ya bomba lile lile. Hata tundu la USB 3 halikutusaidia, kwa sababu kamera ya USB 2.0 ukiichomeka humo hubaki kwenye njia yake ya zamani. Na ile kadi ya picha niliyoilipia ilikuwa imekaa bure. FreeMoCap, programu ya bure tuliyoitumia, hurekodi kwanza, kisha hutafuta viungo baadaye. Ikichukua saa nzima sisi tumelala, hakuna anayeumia.

Siku za kurudisha zilikuwa zimepita. Tukaiuza pauni 850. Mia tatu zikaenda hivyo, na safari ya Mama ilikuwa imebakiza siku 19.

Safari hii binti yangu aliandika orodha, mimi nikashika pochi. Tulinunua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, pauni 190. Tulichagua ya boksi kubwa, si ile nyembamba, ili kadi ya kuongezea iingie bila shida. Tukaongeza kadi ya USB ambayo kila tundu lina kidhibiti chake, pauni 75. Zipo za bei nafuu zenye matundu manne na kidhibiti kimoja, na hizo zingeturudisha pale pale, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa. Kebo tulihakikisha hazizidi mita 5, ndiyo mwisho wa kebo ya kawaida ya USB 2.0.

Kamera tukaziweka kwenye MJPEG, yaani kamera yenyewe inakandamiza kila picha kabla ya kuituma. Mzigo njiani hupungua sana, ila prosesa ndiyo inayofungua picha zote, kwa hiyo tulitafuta yenye kore 6. Kumbukumbu GB 16 na diski ya SSD zilitutosha. Kitu cha mwisho kilikuwa taa za pauni 20, nami nilikaribia kuzikataa. Chumba kikiwa na giza, kamera hukawia kwenye kila picha, na mkono unaokwenda hugeuka ukungu. Pamoja na kamera zote nne, jumla ilikuwa pauni 385.

Usiku wa kurekodi, mume wangu na mtoto wa kiume walifukuzwa nyumbani. Mapazia tukafunga. Binti yangu akatembea chumba kizima na karatasi ya miraba tuliyoibandika kwenye ubao mgumu, ili programu ijue kila kamera imesimama wapi. Nguo pana huficha viungo, lakini Mama hakukubali kuvua kanga. Tukapatana: kanga kiunoni, mikono ya blauzi imebana. Akacheza dakika sita. Mimi nilipiga kofi taratibu, na machozi yalinitoka.

Asubuhi vitone vilikuwa tayari: 33 vya mwili, 21 vya kila kiganja. Mama akavaa miwani, akatazama kimya.

"Huyu ni mimi," akasema. "Tazama bega la kushoto linavyoshuka. Ni langu hilo."

Si kila kitu kilinaswa. Vidole vikipishana, vitone vinaruka. Na jicho, ambalo Mama anasema ndiyo nusu ya lelemama, halikutoka linavyopaswa.

Lililonishinda nguvu halikuwa kwenye orodha. Zile video zilikuwa nzuri. Ndani yake Mama anatabasamu kama sijamwona akitabasamu tangu Baba afariki. Alipoondoka, nilikaa nazo siku nne. Nilijiambia nitazificha tu, nani atajua? Binti yangu hakunisukuma. Alisema tu, "Mama, Bibi alikuuliza wewe." Siku ya tano nikazifuta mwenyewe, na kapu la taka la kompyuta nikalimwaga.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mtoto akikuomba mashine, kaa naye kwanza mjue kazi yenyewe inafanywaje, na wapi itakwama. Sisi ilikwama kwenye waya, nami nilikuwa nimelipia kadi ya picha.

Jioni ile nikampigia Mama.

"Umefuta?"

"Nimefuta, Mama."

"Na bati?"

"Kabla ya masika, inshallah."

Akacheka. "Haya. Hilo nalo umeahidi."