Bahari Isiyo na Wageni

Waingereza wameipa bahari msimu wake. Msimu huo huanza jua linapopata nguvu, na hukoma watoto wanaporudi shuleni mwezi wa Septemba. Baada ya hapo bahari huachwa peke yake, kama ukumbi wa arusi siku ya pili yake: viti vimepandishwa juu ya meza na wapishi wamekwenda zao. Sisi tuliozaliwa pwani jambo hili hutushangaza. Kwetu kuna kaskazi na kuna kusi, kuna bamvua na kuna maji mafu, na kila kimoja kina kazi yake. Lakini hakuna mwezi ambao mtu husema bahari imefungwa.

Mwaka 2023 mama yangu alikuja London kutoka Pangani kunitembelea. Marehemu baba alikuwa amemwacha katika nyumba kubwa, na ndugu yangu mkubwa, ambaye anakaa Dodoma, alimtaka ahamie kwake na nyumba iuzwe. Mama alikuwa hajajibu. Alisema atatoa jibu kabla ya kurudi nyumbani, na siku zilikuwa zikipungua. Jumatano moja ya Novemba akaniambia, “Mwanangu, nipeleke nikaone bahari ya kwenu huku.” Nikampeleka Southend, mahali mto Thames unapoingia baharini, mwendo wa saa moja hivi kwa treni.

Tulifika saa sita mchana, na bahari haikuwapo. Mbele yetu palikuwa na matope matupu, yakimeremeta kijivu, na mashua zimelala ubavu. Mama akaniuliza mwezi ni ngapi. Nikamwambia nane. Akatikisa kichwa: “Basi haya ni maji mafu, na bado yamekwenda mbali hivi! Bamvua lao likoje?”

Swali lake ndilo asili ya mji ule kujulikana. Maji yakipwa Southend hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu, na meli haziwezi kukaribia ufukwe. Kwa sababu hiyo mwaka 1830 lilifunguliwa gati la mbao, na baadaye likajengwa jingine la chuma lililofunguliwa mwaka 1889. Leo urefu wake unapita kilomita 2, na lina treni yake ndogo ya kuwafikisha watu mwisho. Liliungua mwaka 1976 na tena mwaka 2005, na katikati ya hayo, mwaka 1986, meli ililigonga ikapita katikati yake. Kila mara likatengenezwa. Watu wa London, hasa wa mitaa ya mashariki, waliupenda mji huu. Sheria ya mwaka 1938 ilifungua mlango wa likizo ya malipo kwa wafanyakazi wengi, na fukwe zikajaa. Halafu, katika miaka ya 1960 na 1970, ndege za bei nafuu zikaanza kuwachukua watu hao hao hadi Hispania, ambako jua si la kubahatisha. Miji mingi ya pwani ya Uingereza haikupona sawasawa baada ya hapo.

Tulipanda treni ya gatini tukaenda hadi mwisho, ambako maji yalikuwapo. Mama alisimama kwenye ukingo, mtandio ukipigwa na upepo, akayatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakusema neno. Tuliporudi ufukweni aliona ndege weusi wengi wakila kwenye matope. Nilimweleza kwamba ni aina ya bata bukini; huzaliana Siberia, na baridi ikianza huko huruka maelfu ya kilomita kuja kula majani ya bahari yaotayo kwenye matope haya, kisha masika ya huku yakija hurudi kwao. Baridi hii iliyokuwa ikitutoa machozi, kwao ni ahueni. Mama aliwatazama ndege wale kuliko alivyolitazama gati.

Tukaingia mkahawani tukaagiza chai na samaki kwa chipsi. Karibu na dirisha walikaa wazee wanne, kila mmoja meza yake, kila mmoja na birika lake, wote wameelekea baharini. Mama aliwaamkia kwa kuinamisha kichwa, nao wakatabasamu. Akauliza wako wapi watoto wao. Nikamwambia kwamba Waingereza wengi wakistaafu huhamia pwani, kwa kuwa walikuwa na furaha huko utotoni, na watoto hubaki kwenye kazi zao mijini. Nje nikamwonyesha mabenchi yenye vibao vya majina ya watu waliokufa, vilivyowekwa na jamaa zao kwa kuwa marehemu walipenda kukaa pale. Nilimsomea kadhaa kwa Kiswahili. Alinisikiliza, kisha akakaa kwenye benchi mojawapo.

“Hawa wameipata bahari,” alisema. “Lakini bahari haimpikii mtu uji.”

Nilikaa kimya. Nilidhani ningesikia kinyume chake. Moyoni nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumtetea kwa ndugu yangu, kwamba mzee wa pwani hang'olewi akapandikizwa kwenye vumbi la Dodoma. Akaendelea: “Mwambie nduguyo nitakwenda. Lakini nyumba isiuzwe. Kaskazi ikiingia nirudi, nifungue madirisha, nikae hadi mvua za masika. Kama ndege wale.”

Saa kumi jioni giza lilikuwa linaingia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakijaa taratibu kwenye mifereji ya matope, na zile mashua zikaanza kujiinua moja baada ya nyingine.

Nimelifikiri jibu lake mara nyingi. Sisi watoto tulikuwa tumeigawa habari ile sehemu mbili: abaki au ahame. Mtu akiuona mji wa pwani wakati wa kiangazi, umejaa muziki na watoto, ataapa kwamba hapo ndipo pa kuzeekea. Akiuona Novemba ataona kilichobaki wageni wakiondoka: maji, upepo, na mtu na nafsi yake. Mama aliuona katika hali hiyo, na kwa hiyo hakudanganyika na uzuri wala hakutishwa na upweke. Alipima vyote viwili, akachukua kiasi chake katika kila kimoja.

Tangu hapo kila kaskazi amerudi Pangani. Majirani hujua amefika wanapoona madirisha ya juu yamefunguliwa. Ndugu yangu hulalamika kidogo juu ya nauli na gharama za bati, lakini hulipa.