Sweta ya Shule na Baridi ya Limuru

Msomaji, ukitaka kujua thamani ya sweta ya shule, usiulize Mombasa. Panda matatu Nairobi asubuhi ya mwezi Julai, uelekee Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka, utakuta ukungu umefunika mashamba ya majani chai, na watoto wakienda shule vidole vimefichwa ndani ya mikono ya sweta.

Nasi tulikwenda hivyo hivyo miaka ya 1970: kaptura ya kaki, shati, na sweta ya rangi ya shule yenye shingo ya V. Kiwanda cha viatu cha Bata kilikuwa papo hapo Limuru, lakini wengi wetu tulikanyaga umande kwa miguu mitupu. Kaptura ilipochakaa makalioni ilitiwa viraka viwili vya duara, tukaviita miwani.

Sweta nyingi zilifumwa sokoni na akina mama wenye mashine za mkono. Ulipopimwa mabega, mama yako alisema, "Ongeza kidogo, mtoto anakua." Hicho kidogo kilikaribia magoti! Ulikunja mikono mara mbili, na kila mwaka ukaikunjua kidogo. Siku ilipokukaa sawasawa, viwiko vilikuwa vimetoboka, na mdogo wako alikuwa akiingojea.

Husemwa kwamba sare huwafanya watoto wawe sawa. Je, ni kweli? Sisi tulitambua hali ya kila nyumba kwa kutazama viwiko tu. Mwenzetu mmoja wa darasa la nne alifukuzwa kwa kukosa sweta, akakaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi alikuwa na sweta ya rangi iliyokaribia tu ile ya shule. Mama yake alikuwa amefumua shali yake mwenyewe, akapeleka uzi sokoni. Mwalimu aliitazama kwa kitambo, kisha akamwambia aketi. Hakuna aliyecheka.

Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2003, lakini sare ingali mzigo wa mzazi. Basi mzazi, fungua kabati leo. Je, zimo sweta ngapi zilizowabana wanao? Zifue, uzipeleke shuleni kabla ya Julai. Yuko mtoto anayezingojea.