Haukuwa Upepo

Najua nimeadimika kwa wiki tatu. Waliodhani nimebanwa na kazi wamepatia nusu. Nusu nyingine nilikuwa nyumbani kwa Mama, Tabata, nimepiga magoti kwenye mkeka nikipaka gundi ndege.

Ndiyo, ndege. Siyo hizi za kupandia. Ni ya rimoti, imetengenezwa kwa foamu ngumu nyeupe, mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 1.2. Ni ya mdogo wangu, na mimi ndiye niliyeiangusha.

Dogo amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Anataka uhandisi. Miezi saba mfululizo amekuwa akitengeneza simu za watu pale mtaani, anabadilisha vioo na kuchomelea sehemu za kuchajia, na kila shilingi anaweka. Binamu yetu alipokwenda Dubai kuchukua mzigo wa duka, Dogo akamkabidhi fedha zote. Ndege ikaja ndani ya boksi, vipande vipande. Akaiunga kwa siku nne akiwa na kitabu cha maelekezo mapajani.

Kabla sijaenda mbali, kwa wale wanaotaka kuiga: hapa Tanzania vyombo vinavyorushwa kwa rimoti vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Waulizeni kwanza. Dogo ndiye aliyefuatilia hayo yote. Mimi mwandishi nilikuwa nampigia kelele tu kwamba anachelewesha mambo.

Haya, turudi kwenye mada.

Usiku wa kuamkia safari ya kwanza Dogo alikwenda kwa fundi mwenzake. Nikabaki peke yangu na rimoti. Pale mbele, chini ya vile vijiti viwili vya kuongozea, kuna mstari wa swichi ndogondogo. Kila moja inageuza mwelekeo wa servo moja, yaani kile kimota kidogo kinachosogeza bawa au mkia. Nikaichezea moja, tiki, tiki, tiki. Nilipomsikia anafungua geti nikairudisha rimoti ndani ya boksi haraka, kama mtoto aliyefumwa na bakuli la sukari.

Asubuhi saa moja tulikuwa kwenye uwanja wa mpira nje kidogo ya jiji. Dogo aliichagua saa hiyo kwa makusudi, maana upepo wa baharini huwa haujaamka. Kulikuwa na mama lishe anawasha jiko pembeni, na moshi wake ulikuwa unapanda juu umenyooka kama mlingoti. Ukumbukeni huo moshi.

"Kaka, ngoja kwanza tujaribu vibawa," Dogo akasema. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka. Ukisukuma kijiti kulia, cha kulia kipande na cha kushoto kishuke, ndipo ndege ilalie kulia. Kukagua ni sekunde kumi tu.

"Wewe nawe, utakagua mpaka jua lituunguze," nikamwambia. Nikachukua rimoti. Mimi ni mkubwa, nikasema naanza mimi. Hakubisha. Kwetu mkubwa akisema naanza mimi, anaanza.

Ndege ikaruka vizuri, wallahi. Ikapanda kama mita kumi, ikaanza kulalia kushoto kidogo. Nikasukuma kijiti kulia kuinyoosha, ikazidi kulala kushoto. Nikasukuma zaidi, ikapinduka na kwenda chini kwa pua. Sauti yake haikuwa kubwa, kama mtu ameangusha ndoo tupu ya plastiki.

Nilijua pale pale. Kabla sijafika ilipoanguka nilishajua ni ile swichi. Dogo akauliza, "Imekuwaje?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Upepo."

Akautazama ule moshi. Akainama, akaanza kuokota.

Kilichoniuma hasa kilitokea nyumbani. Mama alipoona vile vipande akamgeukia Dogo. Fedha za miezi saba, akasema, umezirusha hewani siku ya upepo. Huna hata akili ya kuangalia hali ya hewa, halafu unataka uhandisi? Si usome uhasibu kama binamu yako, ukae ofisini? Dogo akajibu, "Sawa, Mama." Mimi nilikuwa mezani nakunywa chai. Nikaendelea kunywa.

Matengenezo yakaanza jioni ile. Kwanza betri. Ni zile za lithiamu za seli tatu, na zikipata kipigo zinaweza kushika moto hata baada ya muda. Ilikuwa imebonyea pembeni. Dogo akaiweka uani ndani ya sufuria iliyojaa mchanga, usiku kucha. Sufuria ya Mama ya pilau! Hapo nusura yatokee mengine.

Pua ilikuwa imejikunja kama kopo lililokanyagwa. Nilidhani imekwisha. Dogo akachemsha maji akaimwagia taratibu, na foamu ikaanza kuvimba na kurudi karibu na umbo lake. Nilishangaa kama niko kwenye mazingaombwe. Pale palipomeguka kabisa tukahitaji kiraka. Nikaenda Feri nikanunua boksi bovu la kuhifadhia samaki, lile jeupe. Nikakata kipande, nikapaka supa gluu kwa kujiamini. Foamu ikayeyuka mbele ya macho yangu, ikabaki shimo. Kumbe foamu ya ndege ni aina nyingine, inavumilia, lakini ile ya boksi la samaki inaliwa na supa gluu. Ikabidi tutumie Araldite, ile ya kuchanganya tyubu mbili, na vijiti vya mishikaki tulivyovichomeka ndani kama nondo kwenye zege. Chumba kikanuka samaki na gundi.

Halafu ikaja mizani. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa na ndege inatakiwa itulie. Kwa kawaida sehemu hiyo iko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Yetu ilikuwa inainamisha pua kwa uzito wa gundi. Dogo akaisogeza betri mpya nyuma kidogo kidogo mpaka ikakaa sawa. Ikizidi uzito mbele, inaruka kwa shida tu. Ikizidi nyuma, huwezi kuiongoza.

Usiku mmoja tukisubiri gundi ikauke, akanihadithia habari za wale ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka mara nne. Mara ya kwanza sekunde 12, ya mwisho sekunde 59. Kisha ndege ikiwa imetulia chini, upepo ukaipindua na kuivunja, na haikuruka tena maishani.

"Ya kwao ndiyo iliyovunjwa na upepo, kaka," akasema, bila kuniangalia.

Sikulala vizuri. Nikakumbuka jambo la kazini mwaka jana. Niliandika bilioni badala ya milioni kwenye habari ya diwani mmoja. Simu zilipopigwa nikasema ni vijana wa kupanga kurasa. Gazeti likaomba radhi kwa mistari mitatu, na kijana mmoja akapewa onyo kwa kosa langu. Nimesoma Mlimani miaka mitatu, nimefundishwa maadili ya uandishi na nikafaulu mtihani wake.

Jumamosi iliyofuata ndege ilikuwa tayari. Dogo akanipa rimoti. "Simama nyuma yake. Sukuma kulia."

Nikajua kibawa kitakwenda kinyume na aibu itanivaa. Nikasema, "Subiri. Haukuwa upepo. Nilichezea swichi usiku ule."

Akaendelea kukaza skrubu. "Sukuma kulia basi."

Nikasukuma. Kibawa cha kulia kikapanda, sawasawa kabisa.

"Niliirudisha siku ile ile," akasema. "Tulipofika tu nyumbani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wa kusema ulikuwa wewe."

Basi nikaenda jikoni kwa Mama nikamweleza yote, pamoja na moshi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na wewe ndiye mwandishi wa habari?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jioni nilimsikia akimuuliza Dogo huo uhandisi unasomwa miaka mingapi.

Jumapili tukarudi uwanjani. Dogo alikagua vibawa mara mbili, na mimi nikasimama kimya. Ikaruka dakika nne, ikazunguka uwanja na kutua vibaya kidogo, tairi moja likachomoka. Kiraka cha boksi la samaki kimeshika. Nilipoomba kujaribu akasema, "Zamu yako ikifika nitakwambia, kaka."

Kesho Jumatatu naingia ofisini mapema. Kuna kijana wa chumba cha kurasa nina mazungumzo naye, halafu nitapita kwa mhariri.

Wiki njema, wadau.