Aliyeachwa Amekaa

Kila apitaye Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, anamjua yule askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini. Magari yanamzunguka, watu wanapeana miadi chini yake, na wachache sana huinama kusoma kilichoandikwa. Aliwekwa pale mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yapo, hadi kwa herufi za Kiarabu. Jina la mtu hata moja halipo.

Nenda sasa kwenye makaburi ya vita, barabara ya Bagamoyo. Kule kuna ukumbusho wa askari wa Uingereza na India ambao makaburi yao hayajulikani, na wao wametajwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba aliyepotea porini hawezi kuandikwa. Anaweza, akitakiwa.

Baba yake bibi yangu alichukuliwa Muheza, Waingereza walipokwisha kuingia Tanga mwaka 1916. Hakupewa bunduki, alipewa mzigo. Bibi alizaliwa yeye ameshaondoka. Vita vilipokwisha wakarudi wachache, na mmoja wao alileta habari kwamba walikuwa wote Rufiji wakati wa zile mvua za 1917, chakula hakuna, kuhara kumewashika. Siku moja baba yake bibi akatua mzigo, akakaa chini ya mti. Msafara haukusimama. Yule mwenzake aligeuka mara moja, akamwona bado amekaa.

Basi. Habari yote ndiyo hiyo.

Sikusoma popote maelezo ya vita hivyo yanayonitosha kama haya, nami nimesoma vitabu kadhaa. Vingi vinampenda mno von Lettow-Vorbeck na ujanja wake wa kukwepa. Wapagazi wanakuja kama hesabu, pamoja na nyumbu, ingawa ndio waliobeba kila risasi na kila gunia la unga, na ndio waliokufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa mjini ni Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps, nasi tunakwenda pale kununua vitenge na simu.

Nyumbani shida ilikuwa nyingine. Mke wake alikataa kukaa eda. Wazee wakamsihi, akawajibu kwamba hawezi kukaa eda kwa ajili ya mtu ambaye naye amekaa. Hakuolewa tena. Bibi akakua katika nyumba isiyo na yatima wala isiyo na baba, yaani hujui umpe pole au umuulizie hali. Kwenye hitma ya ukoo, majina ya marehemu yaliposomwa, la baba yake alilizuia. Mpaka anafariki, mtu akimuuliza baba yako alikufa lini, anasema, “Hakufa huyo. Aliachwa amekaa.”

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tena si kwa kusahau. Ulikuwa uamuzi wa ofisini. Gavana mmoja wa Gold Coast alidai kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Nilipofika hapo nilimkumbuka yule mwanamke wa Muheza, aliyeelewa mambo ya kaburi kiasi cha kukataa msiba usio nalo.

Mimi nataka jina lipelekwe, lichongwe. Mjomba hataki. “Miaka mia wamenyamaza,” anasema, “leo nikawape jina la babu yangu ili wao walale vizuri?” Ana hoja, na simdharau. Lakini ana miaka 81, na ndiye pekee aliyebaki anayelijua jina lile kamili, na baba, na babu. Mimi nalijua la kwanza tu. Ijumaa nakwenda Muheza tena. Daftari nitalibeba, ila nitaanza na kahawa.