Kabla ya kununua bando, uliza mambo matatu

Ndugu mfugaji, leo natoka kidogo nje ya banda la kuku, ila mwishoni tutarudi humo humo.

Mwaka jana nilikwenda Bujumbura, Burundi, kwa mafunzo ya siku tano ya ufugaji wa kuku wa asili. Nilipanda basi hapa Singida, nikapita Nzega na Kahama, nikavuka mpaka Kabanga. Kabla ya safari niliwaambia wafugaji wangu: mkipata tatizo nitumieni picha kwa WhatsApp, nitajibu.

Jioni ya kwanza nikaingia kibanda cha laini za simu mtaa wa Buyenzi. Nilikuwa nimejifunza Kifaransa kidogo, nikataka kukitumia. Nikasema, "Bonjour, je voudrais un forfait internet." Forfait ndiyo bando. Kijana akajibu haraka haraka, nikaambulia "cinq cents", yaani mia tano. Kuuliza tena nikaona aibu. Nikaitikia kwa kichwa, nikalipa, nikiamini nimemaliza wiki.

Kumbe nimenunua Mo 500 za saa 24. Kwa Kifaransa MB huandikwa Mo, na GB huandikwa Go. Kesho yake jioni bando likakata, na mimi nikalala bila habari.

Usiku huo mama mmoja wa Ikungi alinitumia picha: kuku amepinda shingo, kinyesi cha kijani, wawili wamekufa. Dalili za mdondo hizo. Nilizifungua kesho yake mchana. Alipoona kimya, alikuwa amekwisha kuwapeleka kuku wanne kwa dada yake "ili wapone roho". Ugonjwa ukaingia na kwa dada yake. Simlaumu. Neno "usihamishe kuku" lilipaswa kutoka kwangu usiku ule.

Nikarudi kibandani nikiwa nimeandika maswali kwenye karatasi. Yaandike nawe, hasa unayepeleka mazao Burundi au Kongo:

- C'est combien? Ni bei gani?
- Ça fait combien de gigas? Ni GB ngapi?
- C'est valable combien de jours? Linadumu siku ngapi?
- Plus lentement, s'il vous plaît. Polepole, tafadhali.

Anza na "Bonjour" kila mara; kuingia dukani na kuuliza bila salamu ni utovu wa adabu, kama kwetu tu. Ukisikia "par jour" ni kwa siku, "par semaine" ni kwa wiki, "par mois" ni kwa mwezi.

Nilipomaliza kusoma karatasi yangu, yule kijana akacheka: "Mzee, si ungeuliza tu kwa Kiswahili?" Buyenzi Kiswahili ni lugha ya mtaani tangu zamani! Nami sikuwa nimejaribu hata kumsalimia kwa lugha yangu. Basi swali la kwanza kabisa liwe hili: "Vous parlez swahili?" Unaongea Kiswahili?

Sasa turudi bandani. Mdondo hauna dawa ya kuutibu, una chanjo tu. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku mzima, kila baada ya miezi mitatu. Kuku akiugua mtenge, waliokufa wachome au wafukie shimo refu, na usiuze wala kugawa kuku hadi umeongea na mtaalamu.

Na ukienda duka la pembejeo kununua hiyo chanjo, maswali ni yale yale matatu: bei gani, inatosha kuku wangapi, mwisho wa kutumika lini. Muuzaji akijibu haraka, mwambie arudie. Aibu ya kuuliza mara ya pili mimi ilinichukua dakika moja tu kuikwepa, na mama wa Ikungi ndiye aliyeilipia kwa kuku wake.