Amana Iliyosimama kwa Gurudumu Moja

Kazi yangu ni ufundi wa pikipiki. Karakana yangu ni kibanda cha mabati chenye meza moja na sanduku la spana, hapa Kata ya Sokon I jijini Arusha, na wateja wangu wengi ni madereva wa bodaboda wanaotoka Unga Limited, Lemara na Njiro. Riziki yangu inatokana na vitu vinavyochakaa. Lakini kuna uchakavu wa kazi na kuna uchakavu wa mchezo, na leo napenda kuwasimulia wazazi wenzangu jinsi huo wa pili ulivyoingia nyumbani kwangu.

Jioni, baada ya Alasiri, baadhi ya vijana wetu hukusanyika penye kipande cha lami kilichonyooka na kushindana kuinua gurudumu la mbele na kwenda kwa la nyuma peke yake. Pikipiki kubwa za mbio huinuka kwa nguvu ya injini: dereva akizungusha moto kwa ghafla, gurudumu la mbele huiacha ardhi. Boxer ya sisi 150, yenye nguvu farasi zipatazo 12, iliundwa kubeba abiria na mizigo, nayo haina uwezo huo. Kwa hiyo kijana huibana klachi, huipandisha injini mpaka ingurume, kisha huiachia klachi kwa mkupuo huku akiegemea nyuma na kuvuta usukani. Ikishasimama, mguu wake wa kulia hukaa juu ya breki ya nyuma, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoirudisha chini ikianza kupinduka.

Kila hatua katika ufundi huo ina kipuri kinachoilipia, nami nilivijua vyote kwa sababu nilikuwa nikiviuza. Vijana walipoleta pikipiki zenye klachi zilizoungua, nilitabasamu, nikabadilisha, nikapokea fedha. Nilijiambia kwamba kuonya ni kazi ya masheikh na askari wa barabarani, na ya fundi ni kutengeneza. Hilo ndilo kosa langu, nami nalitaja kabla sijataja la mwanangu.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Meru ikiwa imeshuka mitaani, mwanangu alirudi baada ya Isha akaniomba nimmwagie oili. Pikipiki ile haikuwa mali yake. Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu aliinunua kwa fedha alizoachiwa na marehemu mumewe, akamkabidhi mwanangu kwa mkataba: kila wiki alete hesabu, na muda ukitimia chombo kiwe chake. Hesabu ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha yatima watatu.

Nilifungua nati ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa pungufu, nyeusi, na ilinuka kuungua. Hiyo ni harufu ya pleti za klachi. Nikaitazama cheni: sehemu moja imekaza na nyingine inaning'inia, na meno ya sproketi ya nyuma yamepinda kama ndoana. Nikapitisha kidole kwenye shokapu za mbele, kikatoka na mafuta, maana sili zilikuwa zimepasuka kwa kishindo cha gurudumu linalotua. Mwisho niliiweka pikipiki juu ya stendi kubwa, nikainua mbele na kuuzungusha usukani polepole. Ulipofika katikati ulinasa, kama mlango uliofika kwenye kitasa. Hapo sikuhitaji shahidi mwingine. Beringi za usukani hazipati vishimo vya namna ile kwa kubeba abiria kwenda sokoni.

"Mwanangu," nikamwuliza, "unaisimamisha?"

Aliinama. "Mara mbili tatu tu, Baba." Kisha akajitetea kwamba si jambo la ajabu, kwani ameona kwenye simu habari za Mjapani aliyekwenda kilomita 331 bila kulishusha gurudumu la mbele.

Habari hiyo ni kweli. Yasuyuki Kudo alifanya hivyo mwaka 1991 huko Tsukuba, katika uwanja wa kufanyia majaribio ya magari. Nikamwambia: "Yule hakuwa barabarani penye watoto watokao madrasa. Na je, ile pikipiki aliyokuwa nayo ilikuwa ikilisha yatima wa mtu?" Hakujibu.

Nikamweleza pia lile asiloweza kuliona. Injini ikisimama wima, oili hukimbilia nyuma. Ikiwa ni pungufu, pampu huvuta hewa, na kemshafti iliyo juu huzunguka kavu. Sekunde chache za kushangiliwa na wenzake zinaweza kuuondoa umri wa miezi mingi wa injini, naye asijue mpaka siku itakapogonga akiwa na abiria.

Asubuhi tulikwenda pamoja kwa yule mama. Nilimtaka mwanangu aseme mwenyewe, akasema, sauti ikimkauka. Nilitarajia lawama. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikukupa pikipiki. Nilikukabidhi sahani ya wanangu." Akanigeukia: "Na wewe fundi, ulikuwa hujui?"

Swali lile bado linaniuma. Kwa pikipiki ya mwanangu, sikujua. Kwa pikipiki za watoto wa wenzangu, nilijua sana.

Vipuri nilivinunua mimi, na mwanangu alinilipa kwa kufanya kazi karakanani kila jioni, saa zilezile alizokuwa akienda kwenye lami. Hesabu ya mjane haikukatwa hata wiki moja. Sproketi ile niliitundika ukutani pamoja na pleti zilizoungua. Sasa kijana akija na dalili hizo, namwonyesha kwanza, namwuliza chombo ni cha nani, ndipo nashika spana. Wengine wamekasirika na kuhamia kwa mafundi wengine. Riziki haijapungua kwa kiasi cha kunitisha.

Mzazi mwenzangu, huhitaji kuwa fundi. Pikipiki ikilala uani, pitisha kidole kwenye shokapu za mbele, tazama meno ya sproketi, zungusha usukani gurudumu likiwa juu. Ukiona nilichokiona, usianze kwa fimbo. Muulize mwanao kwa upole ni amana ya nani, kisha mpeleke kwa mwenyewe. Mwili wake nao ni amana, wala hauna duka la vipuri.